Italia Nje ya Roma: Miji Midogo Tuliyoitembelea

Mtu akikuambia anakwenda Italia, mawazo yako hukimbilia Roma, Vatikano na Uwanja wa Mtakatifu Petro. Hata sisi tulianza hivyo. Tulikuwa akina mama kumi, wanane Wakatoliki na wawili Walutheri walioomba kujiunga nasi, na kwa miaka mitatu tulichangishana kila mwezi mpaka nauli ikatimia. Roma tuliiona kwa siku nne. Hatutaieleza hapa, maana walioieleza ni wengi na picha zake mnazo katika kalenda za ukutani. Tunalotaka kuwasimulia ni miji midogo ambayo mama wa kawaida, mwenye akiba ya kawaida na magoti ya kawaida, anaweza kuifikia kwa treni na basi.

Mwenyeji wetu alikuwa sista mmoja wa nyumbani anayesoma Roma. Bila yeye tusingefika mbali, kwa sababu wakala aliyetupangia safari alitutafutia hoteli ya Roma iliyo mbali na mji kiasi kwamba kila asubuhi tulipoteza saa nzima barabarani. Tunawashauri wenzetu watazame ramani kabla ya kulipa. Neno "karibu na Roma" kwenye karatasi za wakala lina maana pana sana.

Tulitoka Roma asubuhi kwenda Orvieto, safari ya treni ya zaidi kidogo ya saa moja. Mji huo umekaa juu ya jabali lenye kuta zilizosimama wima, na ukishuka kituoni unaangalia juu unajiuliza utapandaje. Kuna kigari kinachovutwa kwa kamba ya chuma, kinakufikisha juu kwa dakika chache. Kanisa kuu la Orvieto lilianza kujengwa mwaka 1290. Uso wake wa mbele umejaa michoro ya vipande vya mawe ya rangi na dhahabu, hata jua la jioni likiupiga huwezi kuutazama kwa muda mrefu. Ndani mwake inatunzwa ile leso ya altareni inayohusishwa na muujiza wa Bolsena wa mwaka 1263, na ni katika mji huu Papa Urbano IV alipoitangaza sikukuu ya Mwili wa Kristo kwa Kanisa lote mwaka 1264. Maandamano ya Ekaristi tunayofanya parokiani kila mwaka, na watoto wakitupa maua mbele ya padre, yana mzizi wake pale. Tulipiga magoti tukakaa kimya, kisha mmoja wetu akanong'ona kwamba ameacha miwani ndani ya treni.

Lakini kilichotushika zaidi Orvieto hakikuwa kanisa. Ni kisima. Kinaitwa Kisima cha Mtakatifu Patriki. Mwaka 1527 majeshi yaliuteka na kuupora mji wa Roma, na Papa Klementi VII akakimbilia Orvieto. Akiwa pale aliogopa kwamba maadui wakiuzingira mji watu watakufa kwa kiu, akaagiza kichimbwe kisima. Kazi iliongozwa na mjenzi Antonio da Sangallo na ikamalizika mwaka 1537. Kina cha kisima ni zaidi ya meta 50, na ukutani kimezungushiwa ngazi mbili zinazojisokota moja juu ya nyingine bila kukutana. Nyumbu waliobeba vyombo vitupu walishuka kwa ngazi moja, wakavuka daraja dogo kule chini kwenye maji, wakapanda kwa ngazi ya pili wakiwa na mzigo. Hakuna aliyempisha mwenzake.

Sisi tuliokulia kwenye njia nyembamba za kisimani, mahali ambapo mwenye ndoo kichwani akikutana na anayeshuka mmoja lazima aingie majanini, tulielewa akili ya mjenzi yule kabla Sista hajamaliza kueleza. Ngazi ni 248 kushuka na 248 kupanda. Bibi, ambaye ndiye mkubwa wetu na amekwisha kupita miaka sabini, tulimwambia atusubiri juu. Alitutazama tu, akajifunga khanga kiunoni, akashuka akiwa wa kwanza.

Kutoka Orvieto unaweza kwenda kwa basi Bagnoregio, alikozaliwa Mtakatifu Bonaventura, ukatazame kijiji cha Civita. Kimebaki juu ya kilima cha udongo unaomomonyoka mwaka hadi mwaka, na hufikiwa kwa daraja refu la watembea kwa miguu tu. Wakazi wa kudumu hawafiki ishirini, paka ni wengi zaidi. Wageni hulipa kiingilio. Ni pazuri, lakini kwa nusu saa panatosha.

Siena ni habari nyingine. Hapo tulikaa siku mbili na tungekaa tano. Uwanja wake mkuu umejengwa kwa matofali mekundu, umeinama kama ganda la chaza, na watu huketi chini hapo wakila mkate wao bila aibu, nasi tukafanya hivyo. Kila tarehe 2 Julai na 16 Agosti hufanyika mashindano ya farasi kuuzunguka uwanja huo, mtaa kwa mtaa, na bei za hoteli hupanda vibaya. Msiende siku hizo kama hamkufuata farasi. Kando ya kanisa kuu kuna ukuta mrefu uliosimama peke yake hewani. Wasiena walitaka kulipanua kanisa lao liwe kubwa kuliko makanisa mengine, ndipo tauni ya mwaka 1348 ikaja na kuua watu wengi mno, kazi ikaachwa. Ukuta ule haujamaliziwa mpaka leo.

Katika mji huo, mwaka mmoja kabla ya tauni, alizaliwa Mtakatifu Katarina. Baba yake, Jacopo, alikuwa mtia rangi vitambaa. Mama yake, Lapa, kwa maelezo ya padre aliyeandika maisha ya Katarina, alizaa watoto 25, na wengi wao walifariki wakingali wadogo. Katarina alikuwa pacha; mwenzake aliitwa Giovanna, naye hakuishi. Wahubiri wetu husimulia jinsi Katarina alivyowaandikia mapapa na kumshawishi Papa Gregori XI arudi Roma kutoka Avignon, na kwamba mwaka 1970 alitangazwa kuwa Mwalimu wa Kanisa. Ni kweli, tena ni sifa kubwa kwa mwanamke ambaye hakusoma shule. Lakini tukiwa katika nyumba yao, ambayo leo ni mahali pa sala, mazungumzo yetu yote yalikuwa juu ya Lapa. Watoto 25! Nani alimfulia? Nani alimpikia uji siku za uzazi? Lapa alimwona hata Katarina akitangulia kufa, mwaka 1380, akiwa na miaka 33.

Kichwa cha Katarina kimewekwa katika kanisa la Mtakatifu Dominiko hapo Siena, na mwili wake uko Roma. Wenzetu wawili wa Kilutheri walisimama nyuma kabisa. Mmoja akamuuliza Sista kwa upole kama haingekuwa heshima zaidi kumzika mtu akiwa mzima. Sista alicheka, akasema hilo swali watu wa Siena na watu wa Roma wangelijibu tofauti. Mjadala uliendelea hadi kwenye meza ya chakula, na hatukuafikiana.

Assisi tutaieleza kwa kifupi. Basilika la Mtakatifu Fransisko, lililoanza kujengwa mwaka 1228, ni zuri kama linavyosifiwa. Tarehe 26 Septemba 1997 tetemeko la ardhi liliangusha sehemu ya dari yake na kuua watu wanne waliokuwa ndani, mafrateri wawili na mafundi wawili. Vipande vya picha vilivyovunjika viliokotwa kimoja kimoja, vikapangwa upya kwa subira ambayo sisi hatuna. Vijana wetu walituagiza tufike pia kwa Carlo Acutis, kijana aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Amelazwa katika kanisa jingine hapo hapo mjini. Tulifika. Lakini maduka ya rozari na sanamu yamejipanga barabara nzima, na mtu aliyemfuata fukara wa Assisi huanza kuhesabu mfuko wake. Ukitaka utulivu, teremka kwa miguu hadi Mtakatifu Damiano, nje ya kuta za mji, alikoishi Mtakatifu Klara na masista wake. Chumba cha kulia chakula bado kipo na meza zake nyeusi.

Sasa tufike kwenye jambo lililotugombanisha. Ratiba ilitubakizia siku tatu mwishoni. Wanne wetu walitaka Venice, mji wa maji, ambao wameuona kwenye televisheni tangu utoto. Sista akasema Venice ni ghali, na tangu mwaka 2024 mgeni wa siku moja hulipishwa kiingilio katika baadhi ya siku za msimu. Akashauri twende kusini, Matera. Hakuna aliyewahi kuisikia. Tulipiga kura, sita kwa nne. Wale wanne walikubali kwa midomo, lakini katika treni ya kwenda Bari walikaa behewa jingine. Ni safari ya kama saa nne. Kutoka Bari ukachukua treni ndogo inayopita kwenye mashamba ya mizeituni na ngano, na hapo ndipo tulipotozwa faini kwa kuwa hatukugonga tiketi zetu za karatasi kwenye mashine kabla ya kupanda. Kosa ni letu. Ila wale wanne walitutazama kwa namna fulani.

Kama umeona filamu ya mateso ya Yesu iliyotoka mwaka 2004, basi Matera umekwisha kuiona. Sehemu ya Yerusalemu ile ilipigwa picha pale. Ni mji uliochimbwa katika kingo za bonde lenye kina kirefu. Nyumba ni mapango, na paa la nyumba moja ni njia ya kupita mbele ya nyumba nyingine. Sehemu hizo za kale huitwa Sassi, yaani Mawe. Tulisimama juu jioni taa zikiwashwa, na hata mama aliyekuwa amenuna kuliko wote akatoa simu yake akapiga picha.

Kesho yake tulitembezwa na mama mmoja wa makamo ambaye bibi yake alizaliwa ndani ya mojawapo ya mapango hayo. Alitupeleka katika pango lililotunzwa kama makumbusho. Ni chumba kimoja. Kitanda kimeinuliwa juu kwa sababu ya unyevu, godoro la maganda ya mahindi, na kuku walilala chini yake. Watoto walilazwa katika droo za kabati zilizovutwa nje. Nyuma kabisa, mle mle ndani, mahali pa nyumbu. Maji ya mvua yalikusanywa katika mashimo yaliyochimbwa mwambani. Majirani walishirikiana ua mmoja, na mkate ulipelekwa kwenye tanuri la mtaa. Kila familia ilikuwa na muhuri wake wa mti wa kuugonga unga, mkate wa huyu usije ukaliwa na yule. Mihuri hiyo leo huuzwa kama zawadi, nasi karibu sote tulinunua.

Tulicheka kuhusu kuku. Wengi wetu tumelala na kuku chumba kimoja. Kisha mama yule akaanza kueleza habari za watoto.

Mwaka 1935 serikali ya Mussolini ilimpeleka uhamishoni katika jimbo hilo daktari na mchoraji mmoja, Carlo Levi. Dada yake, naye daktari, alisafiri kwenda kumtazama akapita Matera. Aliyoyaona yakaingia katika kitabu ambacho Levi alikitoa mwaka 1945: watoto waliojikunyata mlangoni wakitetemeka kwa malaria, wengine macho yamefungwa kwa trakoma na nzi. Watoto walimfuata yule dada njia nzima. Alidhani wanataka senti. Walikuwa wanaomba kwinini.

Sista alipotafsiri neno hilo hakukuwa na haja ya kulitafsiri. Hata malaria lenyewe ni neno la Kiitalia, maana yake hewa mbaya, kwa kuwa waliamini ugonjwa unaletwa na hewa ya mabwawa, mpaka mwaka 1898 wataalamu wao walipothibitisha kwamba mbu aina ya anofelesi ndiye anayewaambukiza watu. Tulikuwa tumezoea kuuhesabu ugonjwa huo kama wa kwetu. Kumbe Italia ilitangazwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imetokomeza malaria mwaka 1970 tu, wakati baadhi yetu tulikuwa tumekwisha kuanza shule.

Bibi akauliza, "Walipewa?"

Sista akamuuliza yule mama. La, dada yule hakuwa nayo ya kuwatosha. Aliwagawia senti alizokuwa nazo wanunue peremende, nao wakazidi kuomba kwinini.

Bibi aliketi kwenye ngazi nje ya pango. Tulidhani ni magoti. Akasema, "Mimi pesa nilikuwa nayo mkononi. Dawa ndiyo haikuwapo." Kidogo kidogo akatueleza. Ni mwaka 1983, mtoto wake wa tatu, miaka minne, homa siku ya pili. Alimbeba mgongoni hadi zahanati, akaambiwa klorokwini imekwisha, aende zahanati nyingine. Kule nako imekwisha. Akarudi naye. Mwingine, mchanga wa miezi saba, alikuwa amekwisha kumzika kabla ya huyo. Tumesali naye jumuiya moja kwa miaka ishirini, tumekula nyumbani kwake, tulijua ana watoto wanne. Hatukuwahi kusikia kwamba walikuwa sita. Akasema alichangia safari hii kusudi awaombee hao wawili kwenye kaburi la Mtakatifu Petro, akawaombea, na alidhani amemaliza.

Mama aliyeng'ang'ania Venice kuliko wote ndiye aliyekwenda kuketi naye. Alivua khanga yake begani akamfunika, maana upepo wa bondeni ulikuwa unavuma. Wengine hatukuendelea na matembezi. Juu ya mwamba kuna kikanisa kilichochongwa ndani ya jiwe, Mtakatifu Maria wa Idris, chenye picha za ukutani zilizofifia. Tuliingia humo. Kwa kuwa hatukujua tuanze na sala ya nani, wenzetu wa Kilutheri walianzisha wimbo ambao sote tunaufahamu, tukaupokea. Watalii walisubiri nje mpaka tulipomaliza.

Yule mama wa Matera alituambia yaliyofuata. Baada ya vita Sassi zilikuja kuitwa aibu ya taifa. Waziri Mkuu De Gasperi alifika mwaka 1950, na mwaka 1952 ikatungwa sheria ya kuwahamisha watu. Zaidi ya 15,000 wakapelekwa katika nyumba mpya zenye maji na madirisha. Wazee wengine walilia kwa kupoteza ua wao na majirani. Mapango yakabaki matupu kwa miaka mingi. Mwaka 1993 UNESCO ikayaingiza katika urithi wa dunia, na mwaka 2019 Matera ikawa mji mkuu wa utamaduni wa Ulaya. Sasa pango alimokuwa nyumbu ni chumba cha hoteli chenye taa za kupendeza, na usiku mmoja unagharimu fedha ambayo kwetu ni ada ya muhula. Hatuna la kulaumu. Mji umepata riziki. Lakini tulilala katika nyumba ya wageni ya kawaida, sehemu mpya ya mji, na tulilala vizuri.

Kwa atakayefuata njia yetu, mambo machache. Aprili na Mei, au mwishoni mwa Septemba na Oktoba, ndiyo majira mema. Agosti jua ni kali na watu ni wengi. Chukua viatu ulivyokwisha kuvizoea, kwa kuwa njia zote ni za mawe na za kupanda. Makanisani mabega na magoti yafunikwe, na hapo khanga yako itakufaa kuliko koti lolote. Tulisimamishwa mara nyingi na akina mama wa Kiitalia waliotaka kujua tumeinunua wapi. Kahawa ukiinywa umesimama kaunta ni nafuu kuliko ukikaa mezani. Mikahawa mingi hufungwa alasiri hadi saa moja jioni au zaidi, kwa hiyo beba mkate. Roma mabomba ya barabarani hutoa maji safi ya kunywa bure, basi usinunue chupa kila saa kama sisi siku ya kwanza. Maombi ya viza yaanze miezi mitatu kabla, na mialiko na karatasi za benki ziwe kamili.

Siku ya mwisho tulikuwa Bari. Baada ya kumzuru Mtakatifu Nikolasi, ambaye mifupa yake ililetwa hapo kutoka Myra mwaka 1087, tulipita katika vichochoro vya mji wa kale. Huko akina mama huketi mlangoni na meza ndogo wakitengeneza tambi za umbo la sikio: kipande cha unga, kisu, kidole gumba, tayari. Mkono unakwenda haraka kuliko jicho. Bibi alisimama mbele ya mzee mmoja wa rika lake, yule mzee akamsogezea kigoda na kumpa kisu. Za Bibi zilitoka kama maandazi. Walicheka wote wawili. Sista alikuwa mbali, hakuna wa kutafsiri. Yule mzee akaonyesha vidole vinne, akagusa tumbo lake, kisha akakunja kimoja. Bibi akaweka kisu chini, akaonyesha sita, akakunja viwili. Wakarudi kwenye unga.

Tulinunua pakiti tatu za tambi hizo, na uwanja wa ndege hawakutusumbua. Zilipikwa Krismasi nyumbani kwa Bibi. Wajukuu wakasema ni nzuri, ila wali uko wapi.